Kadzo Wawili Katika Faili Moja

Asubuhi niliyoianza kazi iliyochukua zaidi ya nusu ya umri wangu, sikuwa nakwenda kazini. Nilitoka nyumbani kwetu Barani, Malindi, nikamwambia mama natoka kidogo, na hata mimi sikujua hicho kidogo ni wapi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Tangu hapo nilikuwa nimekusanya chumvi Gongoni, nimeosha sufuria hotelini, nimechonga funguo, nimeuza kanda za muziki, na kila kazi niliiacha siku ile nilipoelewa inavyofanywa. Mama alikuwa akisema miguu yangu haina mwenyewe.

Karibu na kituo cha mafuta nilikuta lori la mawe ya kujengea linaelekea Kilifi, dereva anatafuta mtu wa kushusha. Nikapanda. Mawe yalikuwa ya chuo kimoja kilichokuwa kikijenga madarasa, na jina lake silitaji, kwa kuwa makosa nitakayoyasimulia yamekwisha kusahihishwa. Tulipomaliza kushusha dereva akaenda zake. Mimi nilibaki kwa sababu ya jambo ambalo nilikuwa sijapata kuliona: uwanja mzima wa nyasi ulikuwa umetandazwa karatasi, maelfu, na kila karatasi ina kijiwe juu yake. Mzee mmoja mwenye kofia ya kitambaa na kalamu ya risasi sikioni alikuwa akikimbia kutoka safu hii hadi ile, maana upepo ulikuwa umeanza.

"Umesimama unatazama nini?" akanipigia kelele. "Okota mawe!"

"Shikamoo, mzee. Karatasi hizi ni za nini?"

"Marahaba. Hizi si karatasi, ni watu. Stoo imevuja, watu wamelowa. Haya, muwekee jiwe huyo asiruke!"

Niliokota mawe mpaka adhuhuri. Mara moja nikainama nikasoma. Ilikuwa barua ya kijana wa Jilore: baba amefariki, anaomba kusomea ualimu, anaahidi hatakuwa mtundu. Mtu nisiyemjua, ambaye labda saa ile alikuwa analima au anacheka na wenziwe, alikuwa amelala mkononi mwangu akikauka. Mzee akaninyang'anya.

"Kazi ya masjala ni kubeba na kutunza. Kusoma si kwetu."

Yeye ndiye aliyekuwa Karani Mkuu wa Masjala, yaani chumba ambamo ofisi huweka faili zake. Jioni, faili zilipokwisha kuingizwa ndani, akaniuliza kama kesho nitarudi. Nikamwambia sijui.

"Asiyejua ndiye ninayemtaka," akasema. "Wanaojua wananichosha."

Nikarudi. Nawaandikia haya nyinyi vijana mnaozishika kazi hizi sasa kwa kompyuta, mjue zilitoka wapi. Lakini zaidi nataka kuwasimulia mwaka wangu wa mwisho, ambapo mwanafunzi wa uuguzi alibakiwa na siku nne tu kabla ya kunyimwa cheti chake kwa ugonjwa usiokuwa wake, na kosa lilikuwa limepita mikononi mwangu. Nitamwita Kadzo Charo Kazungu. Jina lake halisi silo hilo, ila ni la aina hiyo hiyo.

Kwanza muelewe masjala ilivyofanya kazi. Kila mwanafunzi alikuwa na faili lake: fomu ya kujiunga, vyeti vya shule, barua za chifu, barua za daktari, matokeo. Faili lilivikwa jalada la karatasi ngumu lenye jina na nambari. Mkubwa akilitaka, aliandika katika rejista saa ya kulichukua na saa ya kulirudisha, na Karani Mkuu alikuwa radhi kumfuata Mkuu wa Chuo mwenyewe hadi garini kudai faili ambalo halijarudi. Nilimwona akifanya hivyo. "Samahani Mheshimiwa, umembeba mtu," akasema.

Wiki ya pili alinitandikia mafaili mawili mezani.

"Soma jina."

"Katana Kahindi Katana."

"Na hili?"

"Katana Kahindi Katana."

"Ni mtu mmoja?"

"Mmoja, mzee. Hata tarehe ya kuzaliwa ni moja."

"Basi leo umewaoza wanawake wawili kwa mume mmoja, na kesho utajibu wewe."

Akanieleza. Mimi ni mtu wa mjini, kwetu majina yanatoka kila upande. Lakini Wagiriama humrudisha babu kwa mjukuu na bibi kwa mjukuu, kizazi kwa kizazi, na hilo ni deni la heshima ambalo mzazi hawezi kulikwepa. Kwa hiyo katika kata moja utawapata watano wenye majina matatu yanayofanana, bila ya wao kuwa ndugu. Tarehe nayo ina habari yake. Wazazi wengi wa mashambani hukumbuka msimu: alizaliwa mahindi yakibeba, alizaliwa mwaka wa njaa. Mwalimu anayejaza fomu za darasa zima anawapa wote tarehe mosi Januari, mambo yakaisha. Dawa ya Karani Mkuu ilikuwa ile kalamu ya risasi. Pembeni mwa jalada, kwa herufi ndogo, aliandika kwao mtu: wa Ganze, wa Bamba, wa Marafa. Hakuna kanuni iliyomwagiza. Alipostaafu alinikabidhi kalamu na desturi yake, nami nikaendelea.

Mnaweza kuuliza imekuwaje mtu kama mimi akakaa mahali pamoja miaka yote hiyo. Jibu ni kwamba sikukaa. Kila faili lilikuwa safari. Mle chumbani, bila ya kusoma zaidi ya jalada, nilifika Garashi, Kakoneni, Takaungu, Lamu, na nikajua kwamba mji wote unaweza kutoshea rafu mbili za mbao.

Wakubwa walipita. Alikuja Msajili wa kwanza aliyependa wino mwekundu, akaja wa pili aliyeogopa popo wa darini. Wa tatu, mtu wa haraka, alituita siku moja akatangaza kwamba chuo kinahamia kwenye wingu.

Kazi ilikabidhiwa Mkuu wa TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, binti wa Mambrui aliyevaa buibui na viatu vya michezo, na aliyetembea kama mtu anayeitwa na simu tatu. Nilimfuata siku hiyo hiyo.

"Wingu ndilo hili la juu?"

"La, Babu Athumani," akacheka. "Ni mashine za watu wengine. Zimewekwa katika majumba makubwa yenye baridi, sisi tumepanga chumba tu."

"Majumba hayo yako wapi?"

"Mengi. Faili moja linakaa katika majumba matatu kwa wakati mmoja, hili likiungua mawili yabaki. Hizo zinaitwa nakala rudufu. Baadhi yako ng'ambo."

"Kwa hiyo mtoto wa Jilore analala Ulaya?"

"Analala Ulaya na hana hata pasipoti."

"Na mwenye nyumba akimchungulia?"

Hapo akaacha kucheka, akanivutia kiti. Akanieleza usimbaji: kabla ya kuondoka, maandishi huvurugwa kwa ufunguo wa hesabu, hivi kwamba asiyekuwa na ufunguo ule akiyaona haoni kitu. Nami niliyewahi kuchonga funguo nikamuuliza ufunguo wa hesabu una meno mangapi. Akaandika nambari iliyojaza mstari mzima wa daftari, akasema bado. Kisha akatafuta kwa simu yake faili moja ambalo mimi ningelitafuta nusu siku, likatokea kabla sijavuta pumzi ya pili. Nilimwomba anioneshe tena. Alinionesha mara nne. Wallahi, nilikuwa na zaidi ya miaka hamsini, na nilijiona kama nimesimama tena katika ule uwanja wenye karatasi, ila sasa uwanja haukuwa na mwisho na vijiwe vilikuwa havionekani.

Kupiga picha faili zote kulichukua miezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikilaza karatasi juu ya kioo cha mashine, taa ya kijani inapita, mtu anakwenda zake. Siku ya kwanza nilimuuliza Msajili kama majalada nayo yapigwe.

"Jalada lina nini?"

"Jina na nambari, bwana."

"Si vimo ndani? Na nambari zote tunazibadilisha. Acha majalada, tutachelewa."

Nilijua kwamba jalada lina kitu cha tatu. Nikarudi kulaza karatasi juu ya kioo. Ningependa kusema niliogopa cheo chake, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuiona ile taa ikipita tena. Karatasi zilipokwisha kupigwa zilikatwakatwa na kuchomwa. Majalada yalikuwa magumu, yakawekwa stoo ili yatumike tena kwa kazi nyingine.

Muda si mrefu ikatufikia sheria ya ulinzi wa data, na pamoja nayo akaja Afisa wa Ulinzi wa Data, mwanasheria kijana mwembamba aliyependa kuuliza maswali na kungojea jibu. Alitukusanya ukumbini. Akasema chuo kinaitwa mdhibiti wa data, kwa kuwa ndicho kinachoamua habari za watu zichukuliwe kwa sababu gani. Kampuni ya wingu ni mchakataji, inayozishughulikia kwa agizo letu. Ikikosea, sisi hatuponi kwa kusema ni wao. Habari zikivuka mpaka kwenda nchi nyingine, lazima huko nako ziwe na ulinzi. Watu walikuwa wanapiga miayo. Kisha akauliza: "Mzee Athumani, wewe ni wa siku nyingi. Faili ni la nani?"

"La chuo," nikajibu. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu.

"Hapana. Chuo kimelishika tu. Mwenye habari anaitwa mhusika wa data. Ana haki ya kuja kuuliza: mmeandika nini juu yangu? Aoneshwe. Na kama ni uongo, aseme futeni, rekebisheni, na tuna wajibu wa kumsikia."

Nilirudi masjala nikaketi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafuata wakubwa mpaka garini kudai faili, na hata mara moja haikunipitikia kwamba mwenyewe naye angeweza kusimama dirishani akaliomba. Chifu ana barua, daktari ana barua, mwalimu ana ripoti, wote wanaandikiana juu ya mtoto wa watu, na sasa kuna sheria inayosema mtoto huyo aje asome. Sikujua kwamba serikali inaweza kuandika kitu cha namna hiyo.

Ilibaki wiki moja nistaafu, siku ya Jumatatu, alipoingia binti mwenye sare ya uuguzi iliyonyooka kwa pasi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, mimi nina kifafa?"

"Nani amekwambia?"

"Kompyuta."

Huyo ndiye Kadzo. Alikuwa mwaka wa tatu, wa mwisho. Hospitali aliyokuwa akifanya mazoezi ilikuwa imeomba rekodi za afya za wanafunzi, na mfumo wa kompyuta ukapeleka barua ya daktari yenye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Mkuu wa wauguzi akamtoa wodini. Bwenini, mwenziwe wa chumba akahamisha kitanda. Na katika orodha ya wahitimu hakuwemo, kwa sababu mfumo ulisema aliacha masomo mwaka wa kwanza kwa ugonjwa.

"Sijawahi kuanguka hata siku moja," akasema. "Na kama niliacha mwaka wa kwanza, aliyefaulu mtihani wa mwaka wa pili ni pepo wangu? Orodha inafungwa Ijumaa, babu. Nyumbani wamekwisha kualika watu."

"Nyumbani wapi?"

"Vitengeni."

Nikayakumbuka majalada. Nikachukua ufunguo wa stoo. Ilinichukua asubuhi nzima kuyapata majalada mawili yenye jina moja. Pembeni mwa moja nilikuwa nimeandika mwenyewe, kwa kalamu ya risasi: wa Vitengeni. Pembeni mwa jingine: wa Adu. Mashine ya wingu, iliyotengenezwa na watu ambao kwao jina na tarehe vinatosha kumjua mtu, ilikuwa imewakuta Kadzo wawili na kuwafanya mmoja.

Tulikutana ofisini kwa Msajili. Nikaweka majalada mezani nikasema kosa ni langu. Msajili akasema, na kwa hilo namheshimu hadi leo, "Mimi ndiye niliyekwambia acha." Halafu akarudia haraka yake: "Binti akapimwe, alete karatasi safi, tumalize."

"Kifafa hakionekani kwa kipimo cha asubuhi moja, Bwana Msajili," akasema Afisa. "Na si kazi ya binti kuthibitisha kwamba si mgonjwa. Ni kazi yetu kuthibitisha kwamba tulikosea."

"Basi tuwaandikie hospitali kwamba barua si yake."

"Nimewaandikia. Wanasema jina ni lake. Wanataka kujua kama si yake ni ya nani, na mwenyewe akiri. Tukimtaja, tutamtoa mmoja aibuni kwa kumwingiza mwingine. Afya ya mtu ni habari nyeti. Haiendi mahali bila ya ridhaa yake."

Ridhaa, akanieleza baadaye tukiwa kwenye kibaraza, ni kukubali kwa hiari ukijua unakubali nini. Haitoshi mtu kutikisa kichwa.

Simu ya Kadzo wa pili ilikuwa imekufa siku nyingi. Ilibidi mtu aende. Msajili akauliza Adu ni wapi hasa. Mkuu wa TEHAMA akasema yeye ameiona kwenye ramani tu.

"Mimi sipajui," nikasema. "Kwa hiyo nitakwenda mimi."

Afisa alinipa nakala ya barua ile ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na karatasi ya ridhaa. "Bahasha ni ya mkononi mwake tu," akasema. "Wala usimwambie mtu njiani umefuata nini."

Jumanne nilishika njia ya Malindi, nikapita Marafa, na kutoka hapo nikachukua bodaboda. Nchi ilizidi kukauka na kuwa nyekundu. Kijana wa bodaboda aliuliza mara tatu nakwenda kwa nani, nami mara tatu nikamuuliza habari za pikipiki yake. Nilifika Adu jua likielekea kuzama, sina mwenyeji wala mahali pa kulala. Nikaingia katika duka.

"Namtafuta Kadzo Charo Kazungu."

"Wako watatu," akasema mwenye duka bila ya kuinua macho. "Unamtaka mwalimu, muuza maziwa, au yule wa miaka minne?"

"Aliyesoma Kilifi."

"Ni mwalimu huyo. Una habari gani naye?"

"Habari zake."

"Za nini?"

"Zake."

Akaniangalia, akacheka, akanielekeza.

Nilimkuta mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi akifagia vumbi la chaki nje ya chumba kimoja cha udongo, mahali anapofundisha watoto wa chekechea. Bibi yake, ambaye kwao humwita hawe, alikuwa akipepeta mtama. Nikapewa kigoda na maji. Niliomba kuzungumza na mwalimu peke yake. Bibi akasogea hatua kumi, akaendelea kupepeta, huku masikio yake yako kwetu.

Nikamweleza yote, kuanzia jalada. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Nani amesoma barua yangu?"

"Mwanangu..."

"Hapa kwetu kila mtu anajua ninaanguka. Watoto wangu wa darasani wanajua wanilaze kwa ubavu. Sioni aibu. Lakini barua ile nilimpa mtu mmoja, Mkuu wa Idara. Nani amesoma?"

Nikahesabu, kwa vyeo. Mkuu wa Idara. Karani wa mitihani. Msajili. Mkuu wa TEHAMA. Mkuu wa wauguzi hospitalini, na wauguzi aliowaonesha, sijui wangapi. Afisa. Kadzo wa Vitengeni, aliyeoneshwa kana kwamba ni yake. Mimi nililiona neno moja la kichwa cha habari nilipoilaza juu ya kioo. Kila cheo nilichotaja kiliniwia kizito kuliko cha kabla yake.

"Basi wote mmesoma," akasema, "isipokuwa mimi."

Sikumwelewa.

"Daktari alinipa imefungwa kwa gundi, imeandikwa Mkuu wa Idara. Hawe alinilea kwamba barua ya mkubwa haifunguliwi. Niliibeba mpaka Kilifi, nikampa kwa mikono miwili. Akaifungua, akaitazama, akaniambia daktari amekataza nisisomee uuguzi. Nikarudi nyumbani."

Nilitoa bahasha. Katika maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nimebeba mafaili yasiyo na idadi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumkabidhi mtu la kwake. Aliipasua pembeni taratibu. Ilikuwa ya Kiingereza, nusu ukurasa. Akaisoma, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akamwita bibi yake, akamfasiria kwa Kiswahili ili nami nisikie, kidole kikifuata mstari:

"'Mwanafunzi huyu anaweza kuendelea na masomo na kazi za wodi, maadamu anameza dawa. Katika mwaka wa kwanza wa matibabu asipangwe zamu ya usiku peke yake.'"

Ungo wa bibi ukanyamaza.

"Isome tena," akasema bibi.

Akaisoma tena. Hapakuwa na neno la kukataza. Sijui kama yule Mkuu wa Idara aliisoma kwa haraka, au aliliona neno kifafa akaona yatosha. Alikwisha hama zamani.

Nilidhani sasa atanifukuza, na ningeona ni haki yake. Badala yake akauliza, "Huyu mwenzangu wa Vitengeni, ameondolewa wodini kwa karatasi hii?"

"Ndiyo. Na Ijumaa ni mwisho."

"Lete kalamu."

Aliisoma karatasi ya ridhaa yote, akafuta kifungu kimoja kilichoruhusu barua yenyewe kuoneshwa tena, akaandika juu yake kwa mkono: waambiwe ni yangu, yatosha. Akatia sahihi. Karatasi hiyo ilifika Kilifi Jumatano. Alhamisi Kadzo wa Vitengeni alirudishwa wodini, na jina lake likaingia katika orodha. Leo ni muuguzi, na mwenziwe aliyehamisha kitanda alikula pilau ya sherehe yake kuliko wageni wote.

Nami nikastaafu wiki ile ile, kwa chai, sambusa, na hotuba ya Msajili iliyokuwa fupi kama ilivyotarajiwa. Tangu hapo nazunguka. Watu wakijua nilifanya kazi gani huniuliza kama siogopi, habari zetu zote kwenda kukaa katika mashine za mbali. Naogopa kidogo. Lakini nimeona stoo ikivuja, nimeona karatasi zikiruka juu ya ua, na nimeona mkubwa mmoja mwenye barua moja ya karatasi, isiyojua kompyuta wala wingu, akimrudisha binti Adu. Kinachonistaajabisha hata sasa ni kwamba mahali fulani, watu wasiomjua Kadzo waliketi wakaandika kwamba ana haki ya kuisoma. Nyinyi mnaozishika kazi hizi, mtu akija dirishani kuuliza mmeandika nini juu yake, msimuulize anataka ya nini. Mpeni kiti.

Ila nikiulizwa kazi yangu iliishia wapi, sisemi ofisini. Iliishia jioni ile, pale uani. Nilikuwa nimekunja karatasi ya ridhaa nikaitia mfukoni, nikainuka kuaga, ingawa sikujua naelekea wapi.

"Kaa," akasema Kadzo. "Hiyo sheria yenu. Inasema wakiandika uongo juu yangu naweza kuwataka wasahihishe?"

"Inasema."

"Mmeandika niliacha masomo kwa ugonjwa."

"Tumeandika hivyo."

"Sikuacha. Nilirudishwa." Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule, akalifungua ukurasa mweupe juu ya goti. "Anwani ya chuo inaandikwaje?"

Nikamtajia. Bibi alikuwa amekwisha kusimama. Aliingia katika nyumba ya mjukuu wake aliyeko Mombasa, nikamsikia akikung'uta mkeka, akiburuta kitanda karibu na dirisha. Akachungulia mlangoni.

"Mgeni, utakaa siku ngapi?"

Nikamwambia nilikuwa nafikiria kuondoka alfajiri. Kadzo hakuinua kichwa.

"Mtandikie vizuri, hawe," akasema. "Ataondoka nikimaliza kuandika."